Simu ya Mama Pacha

Duniani kuna vitu viwili tu visivyoonekana kwa macho: upepo na mimi.

Tena upepo una aibu zake, huinua vumbi mtu akajua umepita. Mimi sikuinua hata vumbi. Nilikuwa na VPN.

Chekeni, mna haki. Hata mimi ningecheka, kama kicheko kisingenikauka kooni tangu siku ile.

Kwa ambaye hakuwa nasi wiki zilizopita, nikukimbizie: kazi tatu zilinitema kwa sababu ya mdomo wangu. Ya nne nilitafutiwa na dada yangu, Mama Pacha, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ambako anapiga pasi mwaka wa tisa sasa. Alikwenda kwa bosi akasema, "Ni mdogo wangu wa mwisho. Namdhamini kwa jina langu." Lishike hilo neno, jina langu. Tutarudi kwalo, na tukirudi hutalipenda.

Kiwanda chetu hufua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Mimi nasukuma toroli: machafu kuyapeleka kwenye mashine, mabichi kwenye chumba cha kukaushia, makavu kwa akina dada wa pasi. Kwenye kona ya kila shuka kuna uzi. Mwekundu ni wa hospitali, wa kijani ni wa wageni. Anayeshona alama hizo ni mama mmoja mtu mzima tunayemwita Bibi Uzi, mwenye miwani minene na masikio membamba.

Bosi tulimwita Bwana Povu, na si kwa sababu ya sabuni. Akikasirika, pembe za mdomo wake hutoa povu hadi mashine zinaona wivu.

Siku alipotuwekea waifai ili tupokee ratiba za mizigo kwenye simu, alitukusanya akasema, "Itumieni vizuri. Mimi naona kila mnachofungua."

Wenzangu waliitikia, "Ndiyo bosi." Mimi nilienda kwa fundi simu wa pale kona.

"Fundi, nataka nisionekane."

"Umemkosea nani?"

"Bado. Najiandaa."

Akacheka, akaipokea simu, akaanza kubonyezabonyeza. "Hii inaitwa VPN. Ichukulie kama handaki. Bosi wako aliyekaa kwenye waifai yake ataona umeingia handakini, ila hataona umetokea wapi upande wa pili wala umebeba nini. Na huko unakokwenda hawatajua umetokea mtandao wa nani."

"Yaani nimekuwa mzimu."

"Ngoja, sijamaliza. Lakini..."

Yeye hakuwa amemaliza. Mimi nilikuwa nimemaliza. Niliichukua simu nikaondoka, na nyuma yangu nikamsikia fundi wa watu akiongea na hewa. Neno "lakini" sijawahi kulisubiri tangu nizaliwe. Mama alikuwa akisema litakuja kunisubiri lenyewe.

Simu yenyewe ilikuwa ya dada. Aliponunua nyingine, hii ya zamani alinipa mimi ndani ya mfuko wake wa kitambaa cha bluu, ulioshonwa pembeni kwa uzi wa njano. Nikaweka picha zangu, nikaweka nyimbo zangu, nikaona nimeshamiliki. Juu ya kioo ikawa inatokea kufuli ndogo kila VPN inapokaa sawa. Nikiiona ile kufuli, kifua kilikuwa kinapanuka kama mtu aliyevaa silaha.

Nikafungua ukurasa mtandaoni. Nikauita Pasi Moto.

Neno la kwanza la Pasi Moto lilikuwa hili: "Bosi wetu akifoka karibu na mashine, siku hiyo hatuweki sabuni."

Kufika saa ya mapumziko kiwanda kizima kilikuwa kinalipitisha. Na unajua nani aliyelisoma kwa sauti? Dada yangu. Alisimama katikati ya meza za pasi, machozi ya kicheko yanamtoka, akasema, "Jamani, huyu mtu ana mdomo wa laana kama wa mdogo wangu!"

Kila mtu akacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

La pili lilihusu kiatu cha Bwana Povu, kile kinacholia kama bata. Siku hiyo hakutembea kabisa, alikaa ofisini akatuma watu. Mimi nikasukuma toroli huku najiona rais.

La tatu ndilo lililoniua.

Kuna asubuhi nilifungua mashine nikakuta uzi mwekundu na uzi wa kijani ndani ya pipa moja. Mashuka ya wagonjwa na ya wageni, maji yaleyale. Haikuwa mara ya kwanza. Bwana Povu alikuwa akifanya hivyo kila mashine ya pili ilipogoma. Nilipiga picha, nyuzi mbili zimelala pamoja, nikaandika: "Mgonjwa na mgeni wamelala shuka moja, hawajatambulishwa tu."

Sitawadanganya kwamba nilikuwa natetea wagonjwa. Mambo hayo niliyajua miezi miwili na sikumwambia mtu. Niliyaandika siku ile kwa sababu sentensi ilikuja ikiwa tamu.

Mioyo ikamiminika kwenye ukurasa wangu mpaka simu ikapata joto. Kesho yake nyumba mbili za wageni zikaleta magari, zikachukua mashuka yao yakiwa bado yanachuruzika maji.

Siku iliyofuata Bwana Povu akaingia kwenye chumba cha pasi akiwa na kijana mwembamba mwenye kompyuta kwapani, yule aliyetufungia waifai. Tulimwita Waya, kwa umbo na kwa kazi.

"Zimeni mashine," bosi alisema. Povu lilikuwa limeshaanza. "Mtu aliyenivua nguo mbele ya wateja wangu yuko humu ndani. Waya, waambie."

Waya alikuwa mpole kama daktari anayeleta majibu mabaya. "Nimepitia kumbukumbu ya mtandao. Niseme ukweli, huyo mtu anatumia VPN. Ukurasa aliofungua sijauona. Neno aliloandika sijaliona hata moja. Hapo amenishinda."

Nilitaka kupiga makofi. Niliona nimlete fundi simu tumbebe mabegani.

"Lakini," alisema Waya.

Ndilo hilo. Lilikuwa limenitangulia kufika kazini.

"Lakini VPN haifichi kwamba unatumia VPN. Humu kuna simu thelathini na moja. Thelathini naziona zinazurura huku na huku, mpira, mitindo ya nywele, nyimbo. Moja tu kila siku inaingia handakini na kujifungia. Ni kama soko zima liko wazi, halafu mtu mmoja anapita amejifunika gubigubi. Simjui uso, ila macho yote yako kwake. Na mara zote tatu Pasi Moto ilipoandika, simu hiyo ilikuwa hewani."

"Ni ya nani?" bosi akauliza.

"Simu ikijiunga na waifai inajitambulisha kwa jina ililopewa na mwenyewe. Hii inaitwa," akainamia kompyuta kana kwamba hajui, "Simu ya Mama Pacha."

Harufu ya kuungua ikapanda. Dada alikuwa ameisahau pasi juu ya shuka. Miaka tisa hajaunguza hata foronya.

"Mimi?" alisema. "Bosi, hiyo VPN mimi hata sijui inaliwa au inavaliwa!"

Wawili watatu walicheka, kisha wakajuta.

"Toa simu yako."

Akaitoa. Waya akaitazama, akatikisa kichwa. "Si hii. Hii ina jina jingine. Ile ni ya zamani kidogo."

"Ya zamani..." Dada akaanza, kisha akakatisha. Macho yake yakatembea polepole juu ya meza, juu ya mashuka, yakafika kwenye toroli. Nyuma ya toroli nilikuwepo mimi.

Akamgeukia bosi. "Ya zamani sinayo. Nipeni mpaka kesho."

"Kesho saa sita mchana," Bwana Povu akasema. "Uje na simu, au uje na aliye nayo. Ukija mikono mitupu, usimamizi sahau. Na pasi yenyewe sahau."

Hapo lazima nikuelezeni. Dada alikuwa awe msimamizi wa chumba cha pasi Jumatatu ile. Beji ilikuwa imeshaandikwa, iko kwenye droo ya ofisi, na alikuwa ameomba aione mara mbili.

Kunyoosha mkono ni kazi ndogo. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kunyoosha mkono. Wangu uling'ang'ania toroli kana kwamba toroli ndilo lililonizaa.

Jioni nyumbani dada hakuvua hata viatu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono magotini.

"Mdogo wangu, nakuuliza mara moja tu na sitarudia. Ile simu niliyokupa iko wapi?"

Ilikuwa kwenye soksi yangu ya kulia. Nilikuwa nimeizima tangu mchana, lakini nakuapia niliisikia ikinichoma.

"Iliibwa, dada."

"Lini?"

"Wiki ya tatu hii. Niliona aibu kukwambia. Kitu chenyewe umenipa wewe."

Alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyake. Soli ya mmoja ilikuwa imeanza kuachama.

"Sasa mwizi anaingiaje kwenye waifai ya kazini?"

Hapo ndipo akili yangu, ambayo shuleni ilikataa kufanya kazi kwenye hesabu, ikawaka kama taa. "Simu ina kumbukumbu, dada. Neno la siri limo mlemle. Mwizi anakuja anaegemea ukuta wa nje, inajiunga yenyewe. Pengine ni mtu wa kiwanda kingine, anataka kutuharibia."

"Na picha ya ndani ya mashine?"

"Si mlango wa nyuma uko wazi kutwa nzima?"

Nilieleza vizuri mno. Ilibaki kidogo tu nimwonee hasira huyo mwizi.

Dada akatoa pumzi ndefu. Mabega yakashuka. Na kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze: akacheka.

"Kumbe! Na mimi tangu mchana nimekaa nakuwazia mabaya. Nisamehe, mdogo wangu. Shetani alinipitia."

Mimi ndiye niliyeombwa msamaha.

"Basi kesho nitawaambia hivyohivyo," alisema akiinuka. "Na wakibisha nitaapa kwa kaburi la mama."

"Usiape, dada."

"Kwa nini? Si kweli?"

"Ni kweli. Ila... mama mwache apumzike."

Akanipiga kofi la mapenzi kisogoni, akaenda kuwaita watoto wake wakaoge.

Kesho yake nilifika kazini na mpango. Niliupika njia nzima, na kila nilipouonja niliuona umeiva. Dada akiwa ofisini mbele ya bosi, mikono mitupu, Pasi Moto itaandika neno jipya. Watu hawawezi kumshuku mtu aliyekaa mbele yao akiwatazama! Dada ataokoka, beji ataivaa, na mimi nitaendelea kuwa upepo.

Waifai ya kiwanda singeigusa. Mimi si mjinga. Nilikuwa nimenunua bando langu mwenyewe kwa ajili ya neno hilo moja.

Saa sita kasoro dakika chache dada aliingia ofisini. Alipopita karibu nami alikonyeza jicho, kama zamani tulipokuwa tukimdanganya mama kuhusu vikombe vilivyovunjika. Wakati ule tulidanganya pamoja.

Nikasukuma toroli hadi kwenye chumba cha kukaushia. Ni chumba kirefu, chenye joto na mlango wa chuma, mashuka yamening'inia safu kwa safu usione mbele. Juu ya mlango kuna kisanduku kidogo cheupe chenye taa ya kijani inayokonyeza. Nilikiona kila siku. Sikuwahi kujiuliza kinakonyeza nini.

Ukuta wa kutenganisha chumba hicho na ofisi ni wa mbao. Nilisikia kila kitu.

"...iliibwa wiki ya tatu sasa, bosi. Nilimpa mdogo wangu, akaibiwa, akaona aibu kusema. Mtoto wa watu hana hatia."

Mtoto wa watu alikuwa anatoa simu kwenye soksi.

Nikaiwasha. Nikasubiri. Kufuli ndogo ikatokea juu ya kioo, kifua kikapanuka. Nikaandika haraka: "Mnamtesa asiyehusika. Pasi Moto haijazimwa, na hivi sasa inawatazama." Nikatuma.

Upande wa pili wa ukuta simu ya Bwana Povu ikalia. Kisha kiti kikasukumwa.

"Ameandika! Ameandika sasa hivi!"

"Si mnaona?" Sauti ya dada ilipanda kama mtu aliyetolewa kisimani. "Mimi niko hapa, mikono yangu hii hapa! Si niliwaambia?"

Nilicheza. Hatua mbili tu, katikati ya mashuka, mkono juu. Ndizo hatua za mwisho nilizocheza mwaka ule.

"Subirini," alisema Waya. Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. "Simu ya Mama Pacha imejiunga sasa hivi. Dakika mbili hazijapita. Iko handakini."

Nikatazama kioo. Pembeni mwa kufuli kulikuwa na alama ya waifai, imejaa hadi juu. Bando langu lilikuwa limekaa halijaguswa. Simu ilipowaka tu ilikuwa imejirudisha yenyewe kwenye mtandao wa kiwanda, kama mbuzi anayelijua zizi lake. Uongo wangu wa jana uliniaibisha kwa kuwa kweli.

"Ni mwizi!" Dada alisema. "Ameegemea ukuta wa nje, kama alivyonieleza mdogo wangu."

"Hapana, dada yangu." Sauti ya Waya ilikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Kuna visanduku vitatu vya waifai humu. Simu hii imeshika kile cha chumba cha kukaushia. Mlango wake ni wa chuma, mtu wa nje hakipati. Iliyoibwa imerudi kazini."

Taa ya kijani juu ya mlango ikanikonyeza.

Nikazima VPN, nikaiwasha tena, sijui kwa nini. Nikataka kuirudisha simu kwenye mfuko wake, mfuko ukaniponyoka, ukaanguka chini ya safu ya mashuka.

Niliinama. Mkono mwingine ukawahi kuuokota.

Shuka likasogezwa pembeni. Nyuma yake, juu ya kigoda, sindano kwenye pindo la gauni na shuka lenye uzi mwekundu mapajani, alikuwa amekaa Bibi Uzi. Alikuwa hapo muda wote. Ameniona nikitoa simu, ameniona nikiandika, ameniona nikicheza.

"Uzi wa njano," alisema taratibu, akiupapasa mfuko kwa kidole gumba. "Nilimshonea dada yako mimi mwenyewe. Zawadi ya pacha walipozaliwa."

"Bibi, nakuomba. Nakupigia magoti."

"Magoti ya nini, mjukuu wangu? Ya kusali au ya kujificha?"

"Nitalimaliza mwenyewe. Nipe muda kidogo tu."

"Asubuhi dada yako alinishika mikono hii miwili. Akaniambia, Bibi, wakibisha nitakuita wewe. Wewe unaijua ile simu, unaujua na mfuko wake. Nikamwambia niite, nitasema ninachokijua." Akavua miwani, akaifuta kwa kona ya shuka. "Asubuhi nilikuwa nakijua kidogo."

"Bibi..."

"Ulikuwa unacheza nini pale, mwanangu? Huo ni wimbo gani?"

Mlango wa chuma ukafunguka.

Dada ndiye aliyetangulia, kichwa juu, nyuma yake Bwana Povu akitokwa na povu, nyuma kabisa Waya na kompyuta yake imefunguliwa. Mashuka yalikuwa kati yetu. Alimwona Bibi Uzi kwanza, na uso wake ukachanua.

"Huyu hapa shahidi wangu! Bibi, hebu waambie hawa. Ile simu yangu ya zamani, yenye mfuko ulionishonea, si iliibwa? Waambie, kwa maana nimeshaapa kwa kaburi la mama."

Bibi Uzi aliutazama mfuko kiganjani mwake. Akamtazama dada yangu. Kisha akanyoosha mkono, na hakuunyoosha kwa bosi wala kwa dada. Alilisogeza shuka lililokuwa bado linanificha, akaunyoosha kwangu.

"Shika mfuko wako," alisema. "Halafu umjibu dada yako."

Simu ilikuwa bado inawaka mkononi mwangu, watu wanne wanaitazama. Juu ya kioo ile kufuli ndogo ilikuwa imefungwa vizuri, inanihakikishia kwamba hakuna anayeniona.